Kwanza Chesisi

Wateja wengi wanaoleta pikapu kuukuu katika gereji hii ya Unga Limited, Arusha, hufika na orodha yao kichwani: matairi makubwa, taa nne juu ya kabini, bampa ya mabomba, winchi. Fundi huwasikiliza mpaka wamalize, kisha huuliza gari litakwenda wapi na litabeba nini. Huyu wa safari hii ni mnunuzi wa mbuzi na kondoo. Huzunguka minada ya Simanjiro, kupitia Oljoro hadi Terrat, mara nyingine mpaka Orkesumet, na hurudi na mifugo nyuma. Kiangazi njia yake ni vumbi na mashimo. Masika ni ule udongo mweusi wa mbuga, unaonata kwenye tairi hadi meno yote yamezibwa na gari linateleza likiwa limesimama. Fundi akauliza tena: "Na hiyo winchi, kule utaifunga kwenye mti gani?" Mteja akafikiri kidogo, akacheka. Sehemu kubwa ya uwanda ule ni nyasi tupu. Winchi ikafutwa, na pesa yake ikawekwa kando.

Gari lenyewe ni Hilux ya mwaka 1991, kabini moja, ya dizeli, aina ya LN106. Toyota ilianza kuuza Hilux mwaka 1968, na ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne ikaja mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980 baadhi ya Hilux zilibadilishiwa miguu ya mbele, kila gurudumu likawa na mkono wake. LN106 ilibaki na ekseli nzima mbele, ikikalia springi za majani kama nyuma, hadi ilipoacha kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Haina starehe barabarani. Lakini fundi anaipenda kwa sababu inayoeleweka: kila kitu chini yake kinaonekana, kinafunguka kwa spana za kawaida, na vingi kati ya hivyo vikipinda vinaweza kunyooshwa. Kwa mtu anayehesabu pesa yake kwa mbuzi, hilo ni jambo kubwa.

Kazi inaanza kwa kuosha. Tope la miaka limeganda juu ya chesisi, na vijana wawili wanalichokonoa kwa vijiti na maji, kisha kwa brashi ya waya. Bodi la nyuma linafunguliwa na kuegeshwa ukutani. Inachukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na fundi hawaharakishi. Anachotaka ni kuona chuma chenyewe mahali pote ambapo uzito unashuka: pale sanduku la usukani linapofungiwa, pale springi za mbele zinaposhikilia, na ule mgongo wa chesisi unaopanda juu ya ekseli ya nyuma. Anasema gari haliongezewi nguvu mpaka ujue lina udhaifu wapi, kwa sababu nguvu mpya itakwenda kukaa palepale penye udhaifu.

Kisha akaagiza mafuta ya taa na chaki.

Sikuwahi kuona njia hii kabla ya hapo, na ndiyo iliyonifanya nikae. Anapaka mafuta ya taa kwa brashi ndogo kuzunguka sanduku la usukani, anayaacha, anakwenda kushughulika na mengine. Akirudi anafuta kwa kitambaa kikavu, anageuza kitambaa, anafuta tena, mpaka kidole kikipita hakitoki na unyevu. Chaki ya shule imesagwa kwenye kifuniko cha kopo. Anaipuliza na kuipakaza mpaka chuma kizima kinakuwa cheupe. Hapo anavuta kigoda na kuketi. Mafuta ya taa hupenya kwenye ufa ambao jicho haliuoni, na kitambaa hakiwezi kuyafikia. Yaliyobaki ndani huanza kurudi juu polepole na kulowesha chaki. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu upande wa kulia, chini ya bolti ya nyuma ya sanduku, kikajitokeza kijimstari cha kijivu, urefu wa kidole gumba. Fundi hakusema neno. Alichora duara kukizunguka kwa rangi nyeupe, akahamia upande wa pili, akaanza upya na brashi yake.

Sehemu hiyo inajulikana kwa mafundi wa Toyota za ekseli nzima. Kila gurudumu linapogonga jiwe, pigo hurudi kwa fimbo ya usukani hadi kwenye sanduku, na sanduku hulipeleka kwenye chesisi. Ufa wa namna hii ukiachwa, siku moja usukani unageuka na gari haligeuki.

Kuziba ufa kwa kuuchomelea juu juu ni kazi ya dakika chache. Yeye hafanyi hivyo. Kwanza anagonga nukta kwa sentapanchi kwenye kila mwisho wa ufa na kutoboa tundu la milimita 5. Ufa husonga mbele kwa sababu una ncha; ukiishia kwenye tundu la duara, hauna pa kuanzia. Kisha anaufungua kwa grainda, unakuwa mfereji, ili chuma cha kuchomelea kishuke hadi chini. Waya za betri na za alteneta zinachomolewa zote. Vijiti vya kuchomelea, aina ya 7018, vinatoka ndani ya friji bovu lililo kwenye kona, ambamo balbu moja huwaka usiku na mchana. Vijiti hivi vikivuta unyevu wa hewa, hidrojeni huingia kwenye chuma na baadaye kile kiungo hupasuka chenyewe. Friji lile halina thamani sokoni, lakini bila lile kazi hii isingeaminika.

Anachomelea kipande kifupi, anasimama. Anagonga gamba kwa kinyundo, anapiga brashi, anasogeza kiganja karibu kupima joto, anasubiri. Kisha kipande kingine, upande wa pili. Mwisho anaongeza kibati cha kuimarisha, na hapa nikaona jambo ambalo ningepita bila kulijali. Kibati hakukikata mraba. Alikikata kiwe na ncha mbele na ncha nyuma, ili mshono usisimame wima kukatisha chesisi. Mshono wa wima ni mstari mmoja wa chuma kilichobadilishwa na moto, na chesisi ikijikunja itachagua mstari huo ivunjike. Mshono unaokwenda mshazari hugawa mzigo. Kibati chote hakizidi kiganja cha mkono, na kimetokana na chuma chakavu.

Springi zinashushwa siku nyingine. Fundi anazifunga kwenye vaisi kabla ya kulegeza bolti ya katikati, maana majani yaliyobanwa yakiachiwa ghafla huruka. Yanatengana moja moja, kutu ikidondoka katikati yao. Kila jani linapigwa brashi, linakaguliwa ukingoni, na jani kubwa lenye macho ya bushi linanyooshewa uzi kutoka jicho moja hadi jingine. Chini ya uzi anapima kina cha mpindo kwa rula. Upande wa dereva umelala zaidi ya ule mwingine. Ndivyo ilivyo kwa magari mengi ya kazi: abiria hubadilika, dereva yupo kila siku.

Ng'ambo ya barabara yupo mzee anayepandisha springi, na fundi wangu huenda mwenyewe, hamtumi kijana. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Leta nione." Mzee haweki jani motoni. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto wa mkaa ukikilegeza hakitarudi kilivyokuwa. Anakilaza juu ya vipande viwili vya reli vilivyoachana kidogo, anakipiga kati, anakisogeza upana wa kidole, anakipiga tena. Mapigo ni mafupi na yanalingana, yanaanza katikati yakielekea ncha, kisha yanarudi katikati na kuelekea ncha nyingine. Baada ya mizunguko kadhaa analilaza jani moja juu ya jingine na kuyainua kuelekea mwangani. Mwanga ukipenya mahali, anaweka alama ya chaki hapo na kuendelea. Hana kipimo kingine, wala sikuona akihitaji.

Nyuma likaongezwa jani moja lililotoka kwenye Hilux iliyokufa, likapatikana kwa chini ya bei ya mbuzi mmoja. Mbele hakuongeza kitu, alirudisha mpindo tu. Gari likapanda sentimita 5. Mwenye gari alitaka 10, na mazungumzo yale yalikuwa marefu. Fundi hakubishana, alimwita chini ya gari akamwonyesha. Ekseli ikishuka mbali na chesisi, mpira wa breki unavutwa. Shafti inayopeleka nguvu nyuma inapata pembe kali, jointi zake zinachakaa. Ile fimbo ya usukani, ambayo kwa LN106 hukimbia kutoka mbele kwenda nyuma, inainama, na kila springi inapocheza usukani nao unavuta. Sentimita 10 zingedai fimbo mpya, mipira mipya, na vipande vya kurekebisha pembe. "Hizo ni mbuzi ngapi?" akauliza fundi. Mwenye gari akakubali 5.

Hata hizo 5 zina deni lake. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali ndogo yenye mkono mrefu wa chuma, inayopima jinsi gari lilivyolala ili kujua kama limebeba mzigo. Likilala, inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Likisimama juu, inazipunguza ili magurudumu yasikwame. Gari lililopandishwa huidanganya vali hii: limebeba mbuzi, lakini vali inaona gari tupu, na breki za nyuma zinalegea pale zinapohitajika zaidi. Fundi alitengeneza kipande cha bati kinachoinua mshikio wa ule mkono kwa kiasi kilekile springi zilichopanda. Kipande cha bati na bolti mbili, basi. Nimeona magari mengi yaliyopandishwa na hakuna aliyenitajia vali hiyo, na nadhani wengi wa waliopandisha hawakujua ipo.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya vifundo vya mbele, yale maumbo ya mpira wa chuma nyuma ya kila gurudumu ambamo gurudumu hugeuka likiwa linavuta. Alipovifungua, grisi iliyotoka ilikuwa nyepesi mithili ya uji. Maana yake sili ya ndani imekufa, na oili ya difu imekuwa ikiingia na kuchanganyika na grisi. Kila kitu kikatolewa, kikaoshwa kwa dizeli, kikapangwa juu ya gunia kwa mpangilio wake, kulia upande wa kulia, kushoto upande wa kushoto. Vile vibati vyembamba vinavyokaa chini ya vifuniko vya beringi alivifunga kwa waya, kila kimoja na mahali pake pakiwa pameandikwa kwenye karatasi, kwa sababu vikichanganywa kifundo kitakaa nje ya mstari wake.

Beringi ni mpya, na hapo hakukubali za kubahatisha. Baada ya kuzifunga, kabla ya kurudisha sili za nje, alichukua mizani ya ndoano, ile ambayo wauza samaki hupimia. Akaitia ndoano kwenye tundu ambalo ncha ya fimbo ya usukani hukaa, akaivuta taratibu kwa pembe mraba, akisoma mshale wakati kifundo kinageuka. Inatakiwa isome kati ya kilo 3 na 6. Ikiwa nyepesi mno, beringi zina nafasi na usukani utatetemeka. Ikiwa nzito mno, zitajitafuna. Mara ya kwanza mshale uligusa 2. Akafungua nati nne, akatoa kibati kimoja cha sehemu ya kumi ya milimita, akafunga tena kwa kukaza mshazari, akavuta. Mshale ukasimama kati ya 4 na 5. Akavuta mara ya pili kuhakikisha, kisha akaingia upande wa kushoto, ambao ulimsumbua zaidi: kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, jua likihama kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta wa mbali. Hakuna atakayekiona kibati kile tena. Yeye alikuwa anakishika kwa ncha za vidole, akikipitisha mwangani kuona kama hakina mkunjo.

Injini hakuigusa sana. Ni 3L, lita 2.8, haina tabo, ina nguvu ya farasi kama 90, na kwa gia ya chini inatosha kwa mwendo wa Simanjiro. Alibadilisha mkanda wa taimingi kwa kuwa hakuna aliyejua umetembea kilomita ngapi, na ule unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni hugongana. Rejeta ikafunguliwa na kuchokonolewa mirija. Nozeli zikapelekwa kupimwa. Basi.

Bomba la kuvutia hewa juu, alilitengeneza kwa bomba la ekzosi lililokatwa na kuunganishwa, likapanda pembeni mwa kioo hadi usawa wa paa. Kwenye madimbwi lina faida, na kwenye vumbi lina faida zaidi, kwa kuwa hewa ya juu ni safi na filta hudumu. Lakini bomba lenye kiungo kinachovuja ni hatari kuliko kutokuwa na bomba, maana dereva ataliamini. Injini hii hubana hewa zaidi ya mara 22, na maji hayabaniki. Yakiingia, kinachopinda ni koneti rodi. Kwa hiyo alipomaliza kukaza klipu aliwasha injini, akapanda kwenye bampa, akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Injini ilipaswa kufa. Ikaendelea kunguruma, kwa shida lakini ikaendelea. Kuna mahali inavuta hewa. Alishuka, akaupata mpira uliokaa vibaya kwenye kasha la filta, akaurekebisha, akapanda tena. Safari hii injini ilikata pumzi na kuzima.

Kazi ya bei ndogo kuliko zote ni ya vipumulio vya difu. Difu iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Fundi alifunga mipira ya mafuta kwenye vile vipumulio na kuipandisha hadi ndani ya boneti. Mita chache za mpira, na difu mbili zimeokolewa.

Ile pesa ya winchi ikanunua matairi. Ni 7.00R16, membamba, ya meno yaliyoachana. Mwenye gari aliyaona kama ya trekta dogo na alisikitika kidogo, maana macho yake yalikuwa kwenye mapana. Ila kwenye udongo mweusi, ambao chini ya lile tope la juu mara nyingi bado ni mgumu, tairi jembamba hukata na kufika penye kushika, wakati pana huelea na kuteleza. Kulinganisha na 205R16 ya awali, haya yana kipenyo kikubwa kwa sentimita kama 4, hivyo tumbo la difu limepanda kama 2 tu. Nusu ya nyongeza hukaa juu ya ekseli. Na spidomita sasa inasema uongo mdogo: ikisoma 60, gari linakwenda 63 hivi. Fundi alimwambia hayo yote mapema, akaandika pia upepo wa kujaza, wa mzigo na wa tope, kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango.

Ndoano za kuvutia, mbili mbele na moja nyuma, zimepita chesisi nzima na kushikwa na kibati upande wa ndani. Bolti alizitoa kwenye kopo lake la 8.8, namba iliyochapwa kichwani. Bolti zisizo na namba zina kopo lao, na hizo ni za mageti.

Majaribio yalifanyika kwenye korongo nje ya mji, njia ya Oljoro. Alipaka chaki kwenye mabega ya matairi, akaliingiza gari mshazari mpaka gurudumu moja la nyuma likaning'inia, akazima, akalala chini. Mipira ya breki ilikuwa na nafasi ya kutosha. Chaki ilikuwa imehamia mahali pamoja, kwenye mdomo wa ndani wa madigadi ya mbele kulia. Hakuikata, aliukunja ule mdomo kwa nyundo na kipande cha mbao, akarudia kona ileile, na mara hii chaki ikabaki kwenye tairi.

Baada ya mnada wa kwanza gari lilirudi kama lilivyoamriwa, likiwa na harufu ya mbuzi na tope kavu hadi kwenye vioo. Springi zilizotoka kupandishwa zikibeba mzigo hukaa, majani hushikana, na zile yu-bolti zinazozibana kwenye ekseli hupata nafasi. Fundi aliingia chini na spana ndefu na kuzipitia nati zote 16. Sita kati yake zilikubali kusogea, moja karibu robo mzunguko. Alipomaliza alipiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kila nati hadi kwenye chuma kilicho jirani, akamwita mwenye gari alale chini aone: mstari ukiwa umekatika, nati imegeuka, kaza kabla hujaondoka. Kisha akamuuliza kuhusu breki za nyuma, zilishikaje akiwa amebeba.